Vichujio vya Alhamisi

Agnela alizaliwa na kinyaa. Wengine huzaliwa na alama shingoni au na kidole cha sita, yeye alizaliwa na pua isiyosamehe. Kwao Rombo walimcheka tangu akiwa mdogo, kwa sababu hakugusa kata ya pombe ya mbege aliyotangulia kunywa mtu mwingine, na hata kwenye misiba, ambako mtu hula anachopewa, alikuwa akichungulia kwenye sufuria kwanza. Mama yake alisema mtoto huyu atakufa njaa au ataolewa na daktari. Hakufa njaa, hakuolewa na daktari. Alisoma takwimu chuo kikuu, akazunguka na vyeti vyake Arusha nzima, na kazi aliyoipata mwishowe ikawa kwenye kiwanda cha kuchoma mifupa.

Ndugu zake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kiwanda kilikuwa njia ya Nduruma, ukuta mrefu na geti la bati, na mtu asingehitaji kibao kukijua. Mifupa ya ng'ombe ililetwa na malori kutoka machinjioni na mabuchani, mingine ikiwa bado na nyama imening'inia, ikamwagwa uani, na inzi wakaja kutoka wilaya nzima kama wamealikwa kwa kadi. Ilichemshwa, ikaanikwa, ikachomwa kwenye matanuru mawili hadi ikawa makaa meusi, kisha ikasagwa punje punje na kujazwa kwenye ndoo. Ndoo mbili za plastiki zilizobebana, makaa juu, koki chini: hicho ndicho kichujio.

Na kilihitajika, hilo hakuna wa kubisha. Maji mengi yanayotoka huku kwenye mlima Meru yana floridi ya kupita kiasi. Watu wanakua na meno ya kahawia, na wale waliokunywa sana tangu utotoni unawaona na miguu iliyopinda, wanatembea kwa tabu. Makaa ya mfupa yakiiva vizuri yanainyonya floridi yote, yanayopita chini ni maji safi. Yasipoiva, bado yanainyonya, lakini ndani ya punje panabaki mafuta na nyama iliyoungua nusu, na baada ya siku chache kwenye maji vitu hivyo vinaoza. Hapo kichujio kinatoa maji yanayonuka kama mzoga uliosahauliwa mtaroni, na tumbo la mnywaji linapata habari.

Agnela alikuwa mkaguzi wa ubora. Kila fungu la makaa alilipima floridi kwa kimashine chake, akaandika, akapitisha. Harufu hakuipima, na usimlaumu haraka. Pale ndani kila kitu kilinuka, hewa yenyewe ilinuka, karanga alizotafuna zilikuwa na ladha ya mfupa. Kufika saa tatu asubuhi pua yake ilikuwa imekufa ganzi, ingewekewa kidonda mbele isingetambua. Ilifufuka jioni, akishafika kwenye vyumba vyake viwili Themi, na kufufuka kwake kulikuwa adhabu: ndipo alipojinusa mwenyewe. Alikoga kwa sabuni, kisha kwa ndimu, kisha kwa sabuni tena, na nguo za kazi akazianika mbali kabisa, karibu na uzio wa jirani, ambaye walikuwa hawasalimiani naye kwa sababu hiyo. Hakuwa na mchumba. Alikuwa naye, akaacha kuja.

Kwa hiyo harufu ya vichujio ilipimwa na wateja. Kikinuka, mteja anakirudisha, anabadilishiwa, na Agnela anaandika kilitoka tanuru gani. Ndivyo meneja Ludovick alivyopanga, na alijisifia mpango huo kwenye kila kikao, kwa kuwa pua za wateja hazilipwi mshahara.

Matanuru yalikuwa na wenyewe. La juu lilikuwa la mzee Sumari, Mmeru mtu mzima aliyekuwapo tangu kiwanda kinaanza, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Lilifunguliwa Jumapili, na vichujio vyake vikaondoka Jumatatu na gari la mashariki, kwenda Tengeru na Maji ya Chai. La chini lilikuwa la Ebenezer, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi na haraka ya kila kitu. Hilo lilifunguliwa Jumatano, vichujio vyake vikaondoka Alhamisi na gari la magharibi, kwenda kwa wakulima na wafugaji wa nyuma ya mlima.

Mwaka huo vichujio vikaanza kurudi. Na wa kwanza kurudisha alikuwa Violet.

Violet alikuwa mama ntilie wa Maji ya Chai, anauza chai na chapati pale mabasi yanaposimama. Alishuka kwenye bodaboda na ndoo zake zimefungwa kwa mpira, akaingia uani bila kumsalimia mlinzi, akazitua mbele ya Agnela.

"Nusa."

"Dada Violet, mimi hapa ndani sinusi kitu."

"Basi nitakusimulia. Abiria wa basi zima wameshuka, wameagiza chai, wameonja, wamenirudishia vikombe. Mmoja ananiuliza, mama, hii chai umeipika na mbuzi wa juzi? Basi zima, Agnela! Na huyo mzee wenu anayechoma, anakaa kule kule kwetu, nikikutana naye sokoni nitamwambia mbele za watu."

Akamwambia kweli. Wakati huo huo wakaja wengine, kwa sababu mashariki maji yanaishia kwenye birika la biashara, na mwenye birika hangoji harufu izidi. Hata ikiwa ndogo kiasi gani, mteja ataisikia kwenye chai. Kufika mwisho wa robo mwaka, katika kila vichujio mia vya Sumari, tisa vilikuwa vimerudi. Vya Ebenezer hakikurudi hata kimoja.

Ludovick alimwita Agnela ofisini. Alikuwa Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, shati limepigwa pasi, manukato ya kutosha watu wanne. Katika kiwanda kizima ni ofisi yake peke yake iliyokuwa na feni ya kutoa hewa nje.

"Dada'ngu, nieleze kisomi. Hii ni bahati mbaya au ni mtu?"

Agnela akamweleza kisomi, na alieleza vizuri, kwa sababu hilo ndilo jambo pekee pale lililokuwa safi mikononi mwake. Akamwambia swali la kijinga ni kuuliza kichujio kina uwezekano gani wa kuwa kibovu. Swali la maana lina sharti ndani yake: kina uwezekano gani wa kuwa kibovu, ukishajua kwamba kimetoka kwa Sumari? Na ukishajua kwamba kimetoka kwa Ebenezer? Akamwonya pia asigeuze swali kichwa chini miguu juu. Kwamba vibovu vyote ni vya Sumari hakutoshi, akasema, kwa sababu huenda Sumari anachoma mara tano ya mwenzake, basi lazima na vibovu vyake viwe vingi. Ndiyo maana yeye amehesabu kwa kila mia, pande zote mbili. Kwa Sumari, tisa kati ya mia. Kwa Ebenezer, sifuri.

"Kwa hiyo ni mtu," alisema Ludovick.

"Takwimu zinaelekea huko."

"Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Hautaendelea. Tanuru la juu atapewa Ebenezer, achome yote mawili."

Agnela alitoka mle akiwa ameridhika, na tuseme ukweli, alijiona mtu. Vyeti vilikuwa vimefanya kazi.

Kesho yake Sumari alimfuata kwenye meza yake. Alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shikamoo, baba," alisema Agnela.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umeandika makaa yangu yananuka."

"Nimeandika yanayorudi, baba. Sikuandika jina la mtu kwa ubaya."

"Sikatai, yapo yanayonuka. Tanuru ni tanuru. Lakini kule nyumbani sasa wananiita Mzee Uvundo. Juzi kwenye jumuiya mama mmoja amesogeza kiti." Akaigeuza kofia mkononi. "Mtu wa umri wangu, nimenuka mifupa miaka yote hii, nani mwingine atanipa kazi? Na nikiondoka kwa jina hilo, nitalivua wapi?"

Hakuwa na hoja, hakuwa na ushahidi, alikuwa na kofia mkononi tu. Agnela akamwambia pole. Alijua mwenyewe kinyaa cha watu kinavyouma. Alijua mtu anaposogeza kiti.

Alipofika Themi jioni, akiwa na ndimu mkononi, ndipo ile sifuri ilipoanza kumsumbua. Tisa aliielewa. Mbili angeielewa, moja angeielewa. Lakini sifuri? Tanuru la mifupa, la Ebenezer, yule anayelijaza mpaka mlango hausogei, anayelifungua kabla halijapoa ili akawahi kwingine? Mifupa ya katikati moto huufikia saa ngapi? Hata chumvi dukani ina mfuko mmoja uliotoboka. Sifuri kwa vichujio mia tatu vya robo nzima haikuwa usafi, ilikuwa kitu kilichofunikwa, na Agnela kitu kilichofunikwa hakukiamini hata kama ni sufuria ya msibani.

Alhamisi akaomba kupanda gari la magharibi. Ludovick alikuwa mjini, dereva hakuona ubaya.

Walizunguka mlima mpaka kijani kikaisha. Nyuma ya Meru ni nchi nyingine, vumbi na upepo, maboma yametawanyika, mahindi yamekata tamaa kiunoni. Boma la kwanza walikoshusha mzigo lilikuwa la Resiato, mama kijana mwenye mtoto wa kike anayeanza kutembea. Alikuwa na kichujio tangu miezi miwili nyuma, na ndiye aliyewagawia wenzake wa kikundi cha kanisa.

"Takwenya," alisema Agnela, akimsalimia kwa Kimaa chenye lafudhi ya kuchekesha.

"Iko," akajibu Resiato, akacheka kwa adabu. "Karibu, dada. Watu wa dawa ya maji, karibuni sana."

Akamletea maji ya kunywa. Hakuyatoa kwenye ndoo, aliyamimina kutoka kwenye kibuyu, kwani hapo nyumbani maji ya kunywa hukingwa kwenye koki asubuhi yakawekwa kibuyuni. Na kibuyu kilikuwa kimefukizwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, kama wanavyofukiza vibuyu vya maziwa, mpaka ndani kukawa kweusi na harufu ya moshi imeingia kwenye ganda lenyewe. Agnela akachungulia kikombe, kawaida yake, akafumba macho, akanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi tu. Moshi mtamu, wa nyumbani. Akashukuru.

"Hayanuki?" aliuliza.

"Yananukia kibuyu. Maji yasiyonukia kibuyu ni ya mjini hayo."

"Na kichujio chenyewe?"

"Kina harufu kidogo, lakini ni dawa. Dawa gani haina harufu? Mwanzoni mtoto tumbo lilimsokota, mpaka leo linamsokota sokota, bibi yake akasema ndiyo inasafisha."

Agnela akauliza kama anaweza kukiona. Kilikuwa kwenye kona, juu ya kigoda, kimefunikwa kitenge kisafi kilichopigwa pasi, kama mtu anavyofunika kitu cha thamani. Akakiondoa kitenge. Akafungua mfuniko.

Pua yake, iliyokuwa imepata hewa ya mlima tangu asubuhi, ilikuwa hai kabisa, na ilipokea yote. Harufu ilimpanda usoni kama mkono. Nyama iliyooza, mafuta yaliyoganda, ile harufu ya uani siku ya mvua, imekusanywa ndani ya ndoo moja na kufungiwa na mfuniko. Juu ya makaa palikuwa na utando wa kijivu unaong'aa, unatikisika. Mate yakamjaa mdomoni. Alirudisha mfuniko kwa mikono miwili, akasema asante, akatoka akitembea taratibu kwa heshima, na alipofika nyuma ya gari alitapika maji ya Resiato yote, na chai ya asubuhi, na kitu kingine cha kijani ambacho hakujua alikuwa nacho.

Siku hiyo alifungua ndoo kwenye maboma ishirini. Saba zilikuwa hivyo hivyo. Saba katika ishirini, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kibuyu chake na kila kibuyu kilikuwa na moshi wake, na kwa kuwa walikiamini kitu walichopewa. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba kwanza jambo lifike kiwandani, kiwanda kitatuma gari, kitabadilisha vyote, na aibu hii itakwisha kwa utaratibu. Wasomi tunapenda sana utaratibu.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni kwa Ludovick kabla feni haijawashwa.

"Nilikosea," alisema. "Hesabu ni sahihi, lakini nilihesabu kitu kingine. Sharti lilikuwa tanuru, lakini nilichohesabu ni kichujio kurudishwa. Nilidhani kurudishwa na kuoza ni kitu kimoja, na si kimoja. Mashariki, ukishajua kichujio kimeoza, uwezekano wa kurudishwa ni karibu wote, chai inakisema. Magharibi, ukishajua kimeoza, uwezekano wa kurudishwa ni sifuri, moshi wa kibuyu unakificha. Tumepima ulalamishi, bosi, hatukupima ubovu. Kwa Sumari vimeoza tisa kwa mia. Kwa Ebenezer ni theluthi nzima. Kwa hiyo Sumari asiondoke, tanuru la Ebenezer lisimame, na vile vilivyoko kule vikabadilishwe leo."

Ludovick alisikiliza kwa makini sana. Alielewa haraka, hilo ndilo lililomtisha Agnela baadaye alipolikumbuka: alielewa yote, mara ya kwanza, bila kuuliza. Kisha akatabasamu.

"Dada'ngu, wewe ni mali. Umetusaidia kuliko unavyojua." Akaegemea kiti. "Basi Sumari anabaki. Umeshinda. Mkataba wake nitausaini mwisho wa mwezi kama kawaida."

"Na Ebenezer?"

"Ebenezer anaendelea. Makaa yake yote magharibi, kama sasa hivi. Na haya ya Sumari, yale machache unayoyatilia mashaka, nayo yaende huko huko. Si umesema mwenyewe? Kikiwa kibovu, mashariki kinarudi, magharibi hakirudi. Basi kibovu kiende kisikorudi."

Agnela alidhani amesikia vibaya. "Bosi, watu wanakunywa maji yale."

"Floridi inatoka, haitoki?"

"Inatoka."

"Meno ya watoto yatakuwa meupe?"

"Yatakuwa, lakini..."

"Basi tumewasaidia. Kwani wao wamekuambia yananuka? Hawajasema. Wewe mtu wa Rombo unakwenda kuwanusia watu maji yao wanayoyafurahia." Kisha akaacha kutabasamu. "Nakuomba kitu kimoja. Usiende kupiga kelele kule. Wakianza kurudisha wao, mzigo utanishinda, nitafunga tanuru moja, na unajua nitaanza na la nani. Tumeelewana?"

Walielewana. Agnela alisimama mle ndani akimtazama kola yake nyeupe, kucha zake zilizokatwa vizuri, na manukato yale yakamwingia, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alitamani kutoka nje kwenye mifupa. Mifupa ilinuka kwa sababu ni mifupa. Huyu alikuwa ameichukua hesabu yake, kitu chake kimoja kisichonuka, akaitumia kuelekeza uozo, na hakukosea hata hatua. Jibu lilikuwa sahihi. Lingepata alama zote.

Ungedhani alipiga meza. Hakupiga. Alirudi kwenye kimashine chake akapima floridi.

Alimwambia Sumari kwamba mkataba utasainiwa. Mzee alimshika mikono yote miwili, akamwombea baraka kwa Kimeru, kesho yake akamletea mkungu wa ndizi mzima mgongoni mwa pikipiki. Agnela akaupeleka Themi na hakuweza kula hata moja. Mpaka mwisho wa mwezi zilikuwa zimebaki Alhamisi kadhaa, na kila Alhamisi alisikia gari la magharibi likijazwa, ndoo zikigongana, Ebenezer akipiga mluzi. Alijiambia anangoja. Ukishasainiwa, mzee akishakuwa salama, ndipo. Alikoga kwa ndimu mpaka ngozi ikachubuka, na bado alinuka. Safari hii hakuwa na hakika kama ni mifupa.

Mkataba ukasainiwa. Siku iliyofuata Agnela hakwenda kazini. Alikodi gari dogo la mizigo, akazunguka mlima.

Resiato alimpokea kwa furaha, akakimbilia kibuyu.

"Hapana, mama. Leo nikingie kwenye koki. Kwenye kikombe hiki nilichokuja nacho." Ilikuwa bilauri ya kioo, mpya, bado na karatasi ya bei. "Na usiniletee mimi. Shika wewe. Unuse kwanza."

Resiato alishangaa lakini alikuwa mtu wa heshima. Alikinga. Akaisogeza bilauri puani. Agnela aliiona ile hali anayoijua kuliko mtu yeyote duniani: pua inakunjamana, mdomo unafunga, kichwa kinarudi nyuma chenyewe. Resiato akajaribu tena kama anayetafuta kosa lake. Kisha akaiweka bilauri chini polepole, akamtazama mtoto wake aliyekaa mlangoni ana kikombe chake cha bati, akakiendea, akakichukua, akakimwaga nje.

"Ni nini hiki?"

"Ni mifupa isiyoiva. Imeoza. Haikuwa dawa, haikupaswa kunuka. Kosa ni letu, kiwandani. Nimekuja kuvichukua. Vyote vinavyonuka, nyumba hadi nyumba, nivirudishe nivimwage getini kwao, wavihesabu. Hii hapa barua ya malalamiko, muweke vidole wote."

Resiato hakuitazama barua. "Wewe ulijua lini?"

Agnela angeweza kusema jana. Ulimi ulishaanza kulitengeneza neno.

"Siku ile nilipokuja," alisema. "Nilipofunua kitenge."

"Ukaniambia asante."

"Nilidhani watavibadilisha. Halafu meneja akasema mkianza kulalamika atamfukuza mzee mmoja wa watu, mzee asiye na kosa. Nikangoja asainiwe kwanza mkataba. Umesainiwa jana."

Mtoto alikuja akamshika mama yake shuka, akalia kutaka kikombe chake, mama akambeba. Alipoongea hakupandisha sauti, na Agnela angeona heri angepandisha.

"Kwa hiyo siku zote hizo," alisema, "huyu ndiye aliyekuwa anailinda kazi ya mzee wako. Kwa tumbo lake."

Hakungoja jibu. Alitoka nje, akaita kwa Kimaa, sauti ndefu, na wanawake wakaanza kutokeza kwenye maboma mmoja mmoja. Aliwaeleza, na kila mmoja alipokwisha kuelewa aligeuka kumtazama Agnela, kisha akasogea pembeni kidogo, mbali naye. Kisha wakaleta ndoo. Hakuna aliyempa mkononi. Waliziweka chini, mbele ya miguu yake, wakarudi nyuma, na yeye akainama, akazikumbatia moja baada ya nyingine kifuani na kuzipandisha garini mwenyewe, maji yakimwagikia kwenye gauni.